Mama Maka Anakusalimu

Benchi letu liko Iftin, mjini Garissa, kando ya ukuta wa duka lililofungwa tangu mafuriko. Ni ubao uliotolewa kwenye bodi ya lori bovu, umewekwa juu ya mawe mawili, na mbele yake Sahara ana jiko lake na birika la kahawa ya tangawizi. Tukitoka kuswali adhuhuri tunakaa hapo mpaka alasiri. Kuna Redio, ambaye husikia kila kitu na kukiongezea chumvi kabla hakijapoa. Kuna Dheere, dalali wa ngamia kutoka Habaswein, mrefu kama jina lake, maana dheere kwa Kisomali ni mrefu, na kila P mdomoni mwake hugeuka B. Kuna Spoki, fundi wa baiskeli, Mkamba wa Mwingi, na kwa ajili yake ndiyo tunaongea Kiswahili, maana miaka kumi na miwili hapa amejifunza Kisomali cha kusalimia tu. Mimi ni Abdirizak, ila hapa naitwa Karani. Nilistaafu ofisi, kalamu ikakataa kustaafu.

Na kijiwe hiki kina ukurasa wake kwenye kompyuta za dunia nzima. Binti wa kaka yangu, Idman, anayeniita adeer, yaani ami, na anayesoma chuo Nairobi, aliutengeneza mwaka jana alipokuja Idd. Alisema watoto wetu walioko nje wanakufa kwa upweke, na kitu wanachokosa si habari za serikali, ni haya mapiga domo yetu. Basi kila wiki naandika karatasi mbili kwa mkono, nazipa basi, yeye anazipiga chapa huko na kuziweka. Wakisoma wanatuandikia, naye anatutumia majibu yao kwa basi lile lile. Sisi wenyewe hatujawahi kuuona huo ukurasa. Tumeona karatasi tu, iliyochapwa kwa wino mweusi, na juu yake kuna ngamia ambaye Idman anasema anatembea.

Jana ilikuja bahasha. Niliisoma peke yangu, nikalala nayo chini ya mto. Leo nimeileta benchi, kwa sababu dhambi tuliifanya pamoja.

— Soma, akasema Redio. Toka umekaa umeishika kama kuku mgonjwa.

Nikasoma:

"Adeer Abdirizak, shikamoo. Miezi minne sasa mnaniambia niandike, 'Kulow, Mama Maka anakusalimu.' Mama Maka tulimzika mwezi wa Februari, nilikuja mwenyewe. Siwezi tena. Nitumie ukweli kwa basi la kesho kutwa, au nitaufuta ukurasa wote. Na msidhani mkinyamaza utabaki hivyo hivyo. Wenye mitambo wanatupa ukurasa ambao haujaguswa siku tisini. Wiki hii Kulow hajaandika chochote. Ni wiki ya tatu. Idman."



— Huyo msichana ana haki, akasema Spoki. Mimi niliwaambia tangu siku ya kwanza. Andikeni: Kulow, pole, mama amefariki. Maneno manne, imekwisha.

— Imekwisha kwako, akasema Dheere. Wewe Sboki hujui. Kwetu mtu haambiwi kifo akiwa amesimama. Unamuweka chini. Watu wazima watatu, moja huku, moja huku, moja mbele yake. Unamba maji kwanza. Sio chai, sio kahawa. Maji. Akisha kunywa, ndio unasema inna lillahi. Sasa kombyuta itamba maji?

— Anaweza kuwa na rafiki huko, akasema Spoki.

— Rafiki gani? nikauliza mimi. Anaosha vyombo kwenye hoteli, anatoka, anapanda chumbani, anatufungua sisi. Aliandika mwenyewe. Hata mji hakuutaja. Tungejua mji tungetafuta mzee wa kwetu huko, akamketishe.

Hiyo ndiyo iliyotuponza. Wiki ya mazishi tulisema tungoje kwanza tupate mtu wa kumketisha. Nikaandika salamu moja ya kuvutia muda. Wiki ya pili nikaandika nyingine. Kulow alikuwa ameondoka mwaka tisini na mbili, kijana wa miaka ishirini, na mama yake alikuwa hana mwingine. Nani angekuwa na mkono wa kuandika?

— Mimi nina njia, akasema Redio. Usimuue mara moja. Wiki hii andika mama ana mafua. Wiki ijayo kifua. Ya tatu, amepelekwa hospitali. Ya nne, madaktari wanatikisa kichwa. Ikifika ya tano, kijana mwenyewe ameshalia nusu.

— Umgonjeshe maiti? akasema Sahara. Yeye ndiye aliyemwosha Maka.

— Namgonjesha kwa karatasi tu, Sahara.

— Mfikishe Makka, akasema Dheere. Andika ameenda hija.

— Hija imeshapita, nikasema.

— Basi yuko na ngamia, mbali, Habaswein, mbele ya Habaswein. Huko hakuna simu, hakuna bosta. Anaweza kukaa huko hata miaka mitano. Mimi mwenyewe nina shangazi yuko huko, hatujui kama yuko.

— Mama wa miaka sabini, miguu imevimba, amefuata ngamia?

— Ngamia bole.

Hata mimi nilicheka, na kicheko hicho kilinichoma kikishuka.

Spoki alikuwa anaifikiria barua.

— Sasa hizo siku tisini. Tukiacha usiguswe, wanautupa wenyewe, si ndio? Basi tunyamaze. Ukurasa utakufa, yeye atafungua hakuna kitu, atadhani mitambo imeharibika. Hakuna mtu amemdanganya.

— Wakiutuba wanautuba wabi? akauliza Dheere.

— Kuna ghala, akasema Redio, Amerika, chini ya ardhi, limejaa barafu. Kurasa zote zilizokufa ziko huko. Na kuna mzungu kazi yake ni kuzisoma moja moja kabla hazijachomwa. Huyo sasa atasoma salamu zote za Maka, atazihesabu, ataona kumi na saba zimeandikwa baada ya kufa. Atapiga simu ubalozi. Ubalozi utamtafuta Karani.

— Mimi?

— Si mwandiko ni wako?

— Mwandiko wangu uko kwenye karatasi, Redio. Anayepiga chapa ni Idman.

— Watapima. Wazungu wanapima mpaka pumzi.

Sahara aliinamisha birika, akasikiliza sauti ya kahawa ndani, akaongezea maji. Hapo tulijua ametukasirikia, leo hataongeza tangawizi.

— Na kwa nini hajaandika wiki tatu? akauliza. Hilo hamliulizi.

Redio akalidaka. Kwanza Kulow alikuwa ameoa, na bibi harusi amemnyang'anya kompyuta. Halafu hapana, alikuwa amekamatwa hana karatasi. Halafu baridi ya huko, alisema, inaweza kumkuta mtu amesimama akingoja basi, ikamgandisha pale pale na macho yake wazi, na watu wakapita wakidhani ni sanamu.

— Nyamaza, akasema Dheere. Kwa jina la Mungu, nyamaza.

Redio akanyamaza. Ni mara ya kwanza nimeona hivyo mwaka huu.

Basi ikabidi niseme lile ambalo nilikuwa sijawaambia. Wiki sita zilizopita Kulow aliandika: "Karani, salamu za mama zimekuwa fupi. Anaumwa? Mwambie aseme kitu changu mimi." Sikuwauliza. Nilichukua karatasi nikaandika kwamba mama amekukaangia nyirinyiri ya nyama ya ngamia, ameishindilia kwa samli kwenye chombo kile cha harusi zetu, amekifunga kwa kamba mafundo saba, na anasema hakuna mkono utakaokifungua ila wako.

— Wallahi, Karani, akasema Dheere polepole.

— Alitaka kitu chake.

— Ulimwita, akasema Sahara. Hujamsalimia. Umemwita.

Niliona haya, nayo bado ninayo. Nilipoandika mstari ule nilikuwa nimefurahi. Nilidhani nimeandika vizuri. Nilimsikia Maka akiongea, na nikajisahau kwamba mtu atakayesoma ana miguu.

Spoki akanisogezea ubao wake mdogo wa kuwekea spana, niuweke magotini.

— Andika sasa, akasema. Basi linaondoka alfajiri. Andika ukweli, na useme tunamwomba msamaha wote. Mimi pia weka jina langu.

— Andika akae chini kwanza, akasema Dheere. Mwanzo kabisa. "Kulow, kabla hujasoma, kaa. Tafuta maji."

Lilikuwa wazo zuri, la kwanza siku hiyo. Nikaandika "Kulow," nikaweka mkato. Kalamu ikasimama hapo. Upande wa barabara kuu basi la kutoka Nairobi lilikuwa limeingia na gari lake la polisi la kulisindikiza mbele, vumbi likatufikia mpaka kwenye vikombe. Watu walishuka, wakatawanyika na mizigo yao. Mmoja hakutawanyika. Alisimama, akatazama ukuta, akatazama jiko, akatazama ule ubao wa lori, kisha akaja moja kwa moja, koti zito begani katika joto lile, anatabasamu.

— Salaam aleykum. Msiniambie, akasema. Msiniambie majina.

Akamnyooshea kidole Dheere.

— Huyu mrefu ni Dheere. Bado unamdai yule wa Liboi ndama wake? Nimesoma hiyo mpaka nikacheka peke yangu jikoni. Na huyu mwenye grisi ni Spoki. Na wewe ambaye mdomo umeanza kufunguka, wewe ni Redio.

Redio aliufunga mdomo.

— Sahara, eddo, shangazi yangu, hii harufu ya tangawizi nimeisoma mwaka mzima. Na Karani, akaniambia, na macho yake yakajaa maji, adeer, wewe sijui nikulipe nini. Mimi ni Kulow. Nilitaka kuandika kwamba nakuja, nikasema hapana, mtamwambia mama, atashindwa kulala. Nimehangaika na tiketi wiki tatu nzima.

Nikageuza karatasi kifudifudi.

Alitukumbatia mmoja mmoja. Alinukia sabuni ya mbali. Kisha akatupa begi chini na kusema miguu imekufa, ametoka uwanja wa ndege mpaka kwenye basi bila kulala, na nyumba mpya ya mama haijui, maana ile ya kando ya mto aliisoma kwetu ilivyobebwa na maji. Atapumzika kidogo tu, halafu mmoja wetu amsindikize.

— Nimekuja na kisu, akasema akicheka, cha kukatia yale mafundo saba.

Dheere alikuwa amesogea kumpisha. Kulow akaketi mahali palipoachwa, katikati ya ubao. Dheere alikuwa mkono wake wa kulia, mimi wa kushoto. Spoki alisimama, hajui aende wapi. Redio akavuta debe lake la kukalia taratibu, akaliweka mbele ya kijana, akakaa. Sijui kama alikusudia. Sidhani kuna mmoja wetu aliyekusudia.

Birika lilikuwa bado na vikombe viwili au vitatu, nililisikia likichemka. Sahara hakuligusa. Alifungua mtungi, akasuuza gilasi, akaisuuza tena, akaijaza, akaja nayo kwa mikono miwili.

Kulow aliipokea, akasema asante, akaiinua. Kisha akaishusha bila kunywa. Akamtazama Dheere upande huu, akanitazama mimi upande ule, akamtazama Redio aliyeinamisha uso mbele yake. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo, limesahaulika pale.

— Eddo Sahara, akauliza, mbona unanipa maji, na kahawa ipo?