Papa Balagizi na Mlango Uliomkataa

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Papa Balagizi anastaafu baada ya miaka kumi na sita ya kutunza chumba cha kompyuta cha kituo chetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Wengi wameuliza mkimbizi anastaafu vipi. Anastaafu kama mtumishi mwingine yeyote, ila pensheni yake ni makofi, soda moja na makala haya. Ndiyo maana tumejitahidi makala yawe marefu.

Aliajiriwa Machi 2009, akiwa ametoka Bukavu, Kongo, kwa safari ambayo haihitaji kusimuliwa, maana kila msomaji wa jarida hili anayo yake. Wenzake walikimbia na sufuria na blanketi. Yeye alikimbia na kibodi. Kompyuta yenyewe ilibaki Bukavu. Alieleza kwamba kompyuta utaikuta popote, lakini kibodi iliyokuzoea huipati tena. Sufuria aliibeba mkewe, Mama Gabriella.

Mwaka 2012, akikaribia umri wa miaka hamsini, Papa aliamua kuwa mwanafunzi. Aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akaenda Lilongwe kusoma programu huria na usalama wa seva. Mchana alikaa darasani City Centre, katikati ya jiji, na vijana waliomwita Papa Étudiant, yaani Papa Mwanafunzi. Jioni alirudi mtaa wa Kawale kwa miguu, kulala chini ya meza ya kukatia nguo ya rafiki yake Cishahayo, fundi cherehani. Cishahayo anasema mgeni wake alizungumzia Linux, mfumo huria wa kompyuta aliousomea, kwa bidii kiasi kwamba wateja wawili waliulizia ibada zake zinafanyika wapi.

Alirudi Dzaleka na diski moja na moto mwingi. Asubuhi yake alianza kuziweka kompyuta zote za kituo kwenye mfumo mpya. Kazi ilikwenda vizuri sana, ukiondoa kwamba ilifuta kila kilichokuwamo, zikiwemo nyimbo za kwaya na ripoti za mwaka mzima za Mama Mathilde, katibu muhtasi wetu.

"Mama, sasa uko huru," Papa alimwambia, akimaanisha hatulipii tena leseni.

"Niko huru na kazi," alijibu Mama Mathilde, na hakumsemesha tena mpaka Pasaka.

Baadaye tulipata seva, yaani kompyuta kubwa inayohifadhi masomo na kazi za wanafunzi wote. Papa aliifungia kabatini na kuanza kusoma kumbukumbu zake za kila anayejaribu kuingia, kila asubuhi, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Huko aligundua kwamba watu asiowajua walikuwa wakijaribu kuingia usiku na mchana. Hili ni jambo la kawaida kwa seva yoyote duniani. Papa alilitangaza kwenye mkutano wa wazazi.

"Bantu ba dunia nzima banagonga mulango yetu," alisema.

Wazazi waliinamisha vichwa wakaomba. Wiki hiyohiyo Papa alijenga ukuta wa programu wa kuzuia wavamizi, akakosea mstari mmoja, na kwa siku kadhaa seva ikawa salama dhidi ya binadamu wote, sisi tukiwemo. Tunakumbuka kipindi hicho kama cha mapumziko.

Hata hivyo, sifa yake kubwa ilikuwa neno lake la siri la kufungulia seva. Kila darasa jipya lilifundishwa kwamba neno la siri lisiwe kitu ambacho jirani yako anakijua. Mwalimu aliyefundisha hivyo, Papa mwenyewe, hakuwahi kumaliza somo bila kutaja Kaziba, alikozaliwa, na mwaka wa 1987, alipooa. Nicole, mwanafunzi wake bora, alimwambia mbele ya wote, "Papa, neno yako ni Kaziba87. Hata kuku ba huku banaijua."

"Basi jaribu, mama," alisema Papa.

Nicole alijaribu kuingia kwenye seva kutoka kompyuta yake. Akakataliwa. Darasa zima likajaribu, likakataliwa. Mwaka uliofuata wafadhili walimtuma mtaalamu kutoka City Centre na programu ya kubahatisha maneno ya siri. Programu ilihangaika mpaka chai ya saa kumi, mtaalamu akaandika sifa, na Papa akazitundika ukutani kwenye fremu iliyokuwa na picha ya harusi. Picha yenyewe ilirudi kwa Mama Gabriella bila fremu.

Jumatatu tarehe 10 Novemba mwaka huu Papa alikabidhi kazi kwa Nicole, ambaye sasa ndiye mkuu wa chumba. Alikwisha kuipeleka kibodi yake nyumbani, kwa kuwa ni mali yake, na kabatini tuliweka mpya. Akamnong'oneza Nicole neno la siri. Nicole alilicharaza. Seva ikamkataa. Papa akalicharaza mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Ikamkataa naye.

Jumatano ilikuwa siku ya mtihani wa cheti wa vijana wetu kumi na wanane, na kazi zao zote zilikuwa ndani ya kabati lile. Ambaye angeukosa angesubiri mwaka mzima, na hapa kambini sote tunajua kusubiri mwaka kunavyozaa mwingine.

Josué, mratibu wetu, ni mtu mpole. Siku hiyo aliuacha upole nyumbani. "Papa, kama unataka kubakia kwa kazi, sema tu. Usiwafungie batoto."

"Mi niko muzee, Josué. Si mwizi," alijibu Papa. "Hiyo njo neno, hakuna ingine. Clavier yangu, ile kibodi, njo inanijua."

Watu walicheka kicheko kibaya. Mzee aliyefundisha nusu ya waliokuwa chumbani alisimama pale akitazamwa kama mtu aliyefumaniwa. Nicole peke yake hakucheka. Aliita kabaza, yaani baiskeli ya abiria, akamtuma mwendeshaji kwa Mama Gabriella, na baiskeli ikarudi na kibodi imefungwa kwenye kitenge. Wakaichomeka. Papa akacharaza Kaziba87. Seva ikafunguka.

Ndipo Nicole alipotuonyesha. Kibodi ya Bukavu imepangwa kwa mtindo wa Kifaransa, na seva iliamini siku zote kwamba ni ya Kiingereza, kama ile mpya. Papa alipobonyeza A, seva ilisoma Q. Alipobonyeza Z, ilisoma W. Tarakimu, ambazo kwenye kibodi ya Kifaransa hubonyezwa pamoja na Shift, ziligeuka alama. Maneno mengine aliyaona kwenye skrini yamekuja vibaya, akayasahihisha huku akiilaumu mashine. Neno la siri halionekani kwenye skrini, kwa hiyo hakulisahihisha kamwe. Kwa miaka yote ile seva yetu ililindwa na Kqwibq*&, neno ambalo hakuna aliyelijua, hata aliyeliweka. Wataalamu wa usalama wanaitamani hali hiyo usiku na mchana. Sisi tuliipata bure.

Josué aliomba radhi mbele ya wote, kisha akaenda mwenyewe kununua soda. Jumatano vijana wote kumi na wanane walifanya mtihani.

Jumatatu ileile, kabla ya kufunga ofisi, Nicole alibadilisha neno la siri bila kumwambia mtu, kama alivyofundishwa: anayeondoka, mlango wake unafungwa, hata awe nani. Wiki iliyopita Papa alikuja kuaga chumba. Kwa mazoea akaketi mbele ya kabati, akachomeka kibodi yake, akacharaza Kaziba87 kwa kidole kimoja. Seva ikamkataa. Akajaribu tena, polepole. Ikamkataa tena. Nicole alisimama nyuma yake, hakujua pa kuweka mikono.

Papa akachomoa kibodi na kuanza kuizungushia kitenge.

"Vizuri," alisema. "Sasa njo najua nilifundisha."

Papa Balagizi, kwa niaba ya kituo chote, Mama Mathilde akiwemo, tunakushukuru. Nenda salama, upumzike, umrudishie Mama Gabriella fremu yake. Mlango wa watu uko wazi kwako siku yoyote. Ule mwingine usiuguse.

Rosette, mwalimu msaidizi, chumba cha kompyuta