Ndoo Arobaini za Fundi Pampu

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha Bi Birika, muuza kahawa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ninapoishi na Mama, wawili tu. Jumatatu ile asubuhi walikuwapo Wembe, kinyozi wetu, Fundi Pampu, na mimi, wanayeniita Daftari kwa kuwa natunza tarehe za ukoo. Kisima cha uani kwetu alikichimba babu, pima kumi na moja, na maji yake yalikuwa baridi hadi mwaka huu. Sasa ni ya moto, yananuka kama kiberiti. Dada mmoja wa maabara huja kila Jumatatu kuyapima. Anasema chini sana jiwe limeyeyuka, na majimaji yake yanapanda kwenye nyufa. Joto likizidi kiwango, tuhame. Mama kasema hahami. Wiki iliyopita joto lilishuka, Mama akashinda akiimba.

Wembe: Dunia ilikuwa na homa tu, sasa imetoka jasho. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Bi Birika: Methali hiyo imeingiaje hapo?

Wembe: Imeingia, imekaa. Nimiminie.

Bi Birika: Mimi nasema lile jiwe la uji lina masikio. Lilipanda, likasikia watu wanaongea, likatulia. Linasikiliza.

Wembe: Mama wee, tuache tunywe kahawa!

Bi Birika: Nikienda kuchota pale nasikia pumzi. Si za mgonjwa. Ni za mtu anayengoja zamu yake.

Fundi Pampu hakucheka. Alikuwa akikizungusha kikombe chake.

Fundi Pampu: Daftari, ndugu yangu, usinikasirikie. Joto halikushuka. Nililishusha mimi.

Mimi: Ulilishushaje?

Fundi Pampu: Mama alinisihi, nami ni kama mwanawe. Jumapili ile kabla ya kipimo, ulipokuwa kazini, nilimwaga ndoo arobaini za maji ya bomba. Na jana arobaini nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Wembe: Umefanya nini? Yule dada si alisema jiwe likipata maji huko chini huyeyuka upesi? Umelinywesha!

Fundi Pampu: Ndoo zangu zitafika wapi, bwana? Alisema ni maili na maili.

Wembe: Kiu haijui maili.

Mara dada wa maabara akatokea kwa upande wa kwetu, kamba yake ya kupimia begani. Ilikuwa kavu yote.

— Shikamoo, Bi Birika.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Hakukaa. Akanitazama mimi.

— Kisima hakina maji. Wala sijagusa chini. Nilikuwa na kamba ya pima thelathini, ikaisha, uzito wa ncha yake bado unaning'inia.

— Babu alichimba kumi na moja, nikasema.

— Jana maji yalikuwepo?

Fundi Pampu akaitikia kwa kichwa, hakuthubutu kutaja ndoo.

Ndipo tukasikia, kutoka uani kwetu, ndoo ikigonga ukingo wa kisima. Kisha sauti ya Mama, ya upole, ile ya kumbembeleza mtoto aliyeamka:

— Subiri basi. Si nakuletea?

Dada akageuka.

— Anaongea na nani?

Wembe akamtazama Bi Birika. Bi Birika akatazama chini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia.