Cheti cha Ummkulthum: Risala ya Wajaribu wa Tovuti, Chwaka

Mgeni rasmi, Bi Nasima, Mkurugenzi wa Wakala wa Vyeti, asalaamu alaykum.

KARIBU
Karibu Chwaka, karibu sana! Leo hata Sheha kavaa koti, na sisi tangu asubuhi tunacheka ovyo. Mlisema wenye kutumia tovuti wataulizwa, na kweli mmekuja kuuliza. Hatujazoea.

TULIKOTOKA
Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi wakulima wa mwani, tuliochaguliwa mwezi wa Mei kuijaribu tovuti ya vyeti kabla haijafunguliwa kwa Unguja nzima.

MAFANIKIO
Bi Mwatima, aliyekuwa akishika kipanya kama kaa atakayemng'ata, ameshatoa vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu saba, na vya watoto wa jirani bila ya kuombwa!

CHANGAMOTO
Ripoti yenu ya tathmini inasema ukurasa wa vyeti vya vifo umefanikiwa sana, kwani umefunguliwa mara mia nne na kumi kutoka Chwaka. Mheshimiwa, ni sisi. Ni cheti kimoja.

Ni cha marehemu Ummkulthum, mwenzetu katika kikundi hiki. Kila tukifika mwisho, tovuti inatuma namba ya siri kwenye simu ya marehemu, athibitishe mwenyewe. Bwana Usi akasema, "Kulthumu mzima alikuwa hapokei simu, leo ndiyo apokee?" Tukacheka mpaka tukalia, na wengine hatukunyamaza upesi. Anayekusomea risala hii ni dada yake.

Bintiye, Tahiya, amepata ufadhili wa mayatima akasomee uuguzi. Cheti cha mama kinatakiwa Ijumaa. Leo Jumatano. Ofisini mjini tulijibiwa, "Nyinyi wa Chwaka ni mtandaoni tu."

MAOMBI
Namba itumwe kwa jamaa anayeomba. Tathmini ijayo ihesabu waliotoka na cheti, si waliofungua ukurasa.

Ombi la tatu Sheha hakulipitisha, atusamehe. Kompyuta iko mbele yako, fomu tumeshaijaza. Fundi uliyekuja naye, Haitham, anasema marekebisho ni ya dakika tano, ila yanataka ruhusa yako. Pilau itasubiri. Tunanyamaza sasa, tukusikie ukimwambia afanye.

Mungu akupe afya na wepesi katika kazi yako, na amrehemu ndugu yetu.

Ni sisi,
Wajaribu wa Tovuti, Chwaka.
Imesomwa na Sichana.