Sultani Hidayat wa Mareo na Mkarafuu Uliobaki

Bismillahi. Tumekuja kumzika Sultani Hidayat, na maneno haya yanasomwa na dada yake mkubwa, Boki Gamtina, kwa kuwa watoto wa marehemu wamekataa kuyasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1612 hapa hapa Mareo, kitongoji cha Dufa. Siku hiyo hiyo baba yake alimpandia mkarafuu, kama anavyopandiwa kila mtoto wa kisiwa hiki, ili matawi yake yaje kumfunika kaburini. Asiyefunikwa na mti wake huhesabiwa kazikwa kama mpita njia.

Alisoma Kurani kwa Imamu Daulat, na Kireno kwa mfungwa mmoja wa ngomeni. Kichwa kilikuwa chepesi, hilo hatumnyimi. Akiwa na miaka tisa aliwaahidi watoto wawili samaki mmoja yule yule, na kila mmoja akamchanjia kuni. Walipogundua wakamtandika, ikabidi dada yake aende kumtoa mikononi mwao. "Dada, kidogo tu wangepigana wenyewe kwa wenyewe!" alisema huku kamasi zikimtoka. Nyumba nzima ilicheka. Laiti tungemwongezea bakora.

Mwaka 1634 alimwoa binti wa kifalme wa Jailolo, Boki Dina, mwanamke aliyepika mkate wa unga wa sago laini kuliko wote na asiyejua kumnunia mtu. Walijaliwa watoto watatu.

Alitawazwa tarehe 2 Mei 1640. Wahispania walikuwa na ngome kaskazini, Waholanzi kusini, na wote walizitolea macho karafuu zetu. Marehemu akawaahidi wote wawili mavuno yale yale ya mwaka 1651. Dada yake alimkanya mbele ya baraza.

"Wee Hidayat, hawa si wale watoto wa kuni!"

"Dada, rudi jikoni. Waache wapigane."

"Wapiganapo tembo, nani huumia?"

Akacheka, na baraza likacheka naye. Nyie mliocheka mpo hapa, nawaona.

Wahispania waligundua kwanza, wakaichoma bandari. Marehemu akakimbilia kwenye meli ya Waholanzi, nao wakamwokoa kwa sharti moja: mikarafuu yote ya Mareo ikatwe, ili karafuu zipatikane kwenye visiwa vyao tu. Aliugonga muhuri tarehe 12 Agosti 1652. Mti wa mzee, wa kichanga, wa maiti mtarajiwa, yote ilianguka. Aliombea msamaha mti mmoja tu, wake mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu alichuma, tukala sisi.

Boki Dina alifariki mwaka 1655. Dada mtu alimpigia magoti marehemu: "Mpe mkeo japo tawi moja, Hidayat. Moja tu!" Akajibu, "Nikianza kutoa, nitabakiwa na nini?" Tukamfunika Dina kwa majani ya mgomba, watoto wake wakitazama. Wallahi, uchungu ule haujatoka mpaka leo.

Tangu Ramadhani iliyopita marehemu alivimba miguu, kisha tumbo. Kila asubuhi aliuliza, "Dada, mti wangu upo?" Aliambiwa upo, na ilikuwa kweli. Amefariki leo Jumatano, tarehe 9 Machi 1661, alfajiri, akiwa na miaka arobaini na minane.

Wakati anaoshwa, Boki Gamtina alichukua shoka. Msigune huko nyuma, bado sijamaliza. Watoto watatu wa marehemu waliyabeba matawi. La kwanza liko juu ya Boki Dina. Mengine yamekwenda kwa kila aliyezikwa kisiwani hapa tangu mwaka ule mikarafuu ilipokatwa, kaburi kwa kaburi, hata wale ambao kwao hakuna tena wa kuwakumbuka. Halikubaki hata jani.

Marehemu ameacha watoto watatu, dada mmoja, na kisiki.

Mlioshika majani ya mgomba, sogeeni. Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe. Kazi hiyo tumwachie Yeye.