Picha ya Mkono wa Jenifer

Basi la kutoka Mwanza lilipoiacha Nyashimo, Kabula alikuwa ameshamwaga mambo yote ya nyumbani kwake kwa mama asiyemjua, aliyekaa naye kiti kimoja. "Mume wangu Mahona amempeleka mke mdogo, Jenifer, kupigwa ultrasaundi. Mimi nimezaa sita, sijapigwa hata moja. Nimeletwa kumfulia nguo."

"Kumbe mjamzito?"

"Ingekuwa mimba ningepumua! Wamempiga mkononi na shingoni. Eti mishipa ya fahamu imevimba mwili mzima, kinga ya mwili wake mwenyewe inaishambulia."

"Mayu, mama yangu, huo si ugonjwa? Unamwonea wivu mgonjwa?"

"Mgonjwa gani anamenyewa machungwa? Na mimi miguu inakufa ganzi tangu palizi. Mahona anasema naiga." Alilisema hilo kwa sauti ya kumfikia Mahona kiti cha mbele. Mahona akaendelea kumenya.

Stendi ya Bariadi, Mahona alimbeba Jenifer mgongoni, abiria wakapisha. Kabula akainuka awafuate. Mguu wa kushoto ukagoma, akaanguka kitini.

"Na huyu naye anataka kubebwa!" konda akasema. Basi zima likacheka. Kabula akacheka nao, huku akiupiga mguu ngumi chini ya kitenge, na mguu hausikii kitu.