Mbio za Jumamosi za Tata Tshilombo Stanislas, na Mlango Ambao Hakuuingia

Ninyi mliokuja kumlilia pamoja nasi, mimi Mignonne, binti yake wa kwanza, nitawasomea maisha yake kabla hatujamwinua. Tata Tshilombo Stanislas alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 9 Mei 1957. Baba yake alikuwa ametoka Kasai kufanya kazi ya reli. Marehemu mwenyewe hakuiona Kasai mpaka siku alipofukuzwa kwenda huko.

Alisoma kwa mapadre, kisha ufundi, akapata diploma mwaka 1976 na kuajiriwa mgodini kutengeneza pampu. Jumamosi alikimbia mji mzima, ila kila penye gato, yaani keki, alisimama. Mwaka 1982 alisimama kwenye meza ya Mama Béatrice Mbuyi, akala kipande, akamaliza mzunguko wake, akarudi kula cha pili.

Mama akamwuliza, "Unakimbiaka sababu ya nini, kama unakula hivi?"

"Nakimbiaka juu nipate nafasi mu tumbo."

Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Julai 1984, na Mama akafungua duka la gato mtaani Manika. Baba alikuwa mpelelezi wake. Alionja kwa wauzaji wengine, akarudi na jasho na habari: kwa Mama Rachida wameongeza ndizi.

Migodi ilipoporomoka na mishahara kukatika, akatafutwa wa kulaumiwa. Machi 1993 sisi wenye asili ya Kasai tulifukuzwa. Wenyeji walituita bilulu, yaani wadudu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na kilichotuuma sisi kilikuwa na ufunguo wetu mfukoni. Jirani yetu Mukalay Donatien, baba wa ubatizo wa mdogo wangu Ngalula, aliupokea akisema, "Muende mu amani, nitabachungia duka."

Tulikaa stesheni wiki tatu tukingoja treni. Ngalula akaanza kuhara. Muuguzi akasema apewe maji yenye chumvi na sukari. Chumvi tuliipata. Baba akakimbilia Manika kutafuta sukari, na hakuwahi kukimbia vile tena. Dukani mlikuwa na magunia mawili ya sukari tuliyoyaacha. Mukalay alimjibu kupitia dirisha, "Kwa bilulu hatufungulake mulango." Ngalula alifariki tarehe 2 Aprili, mwenye miezi kumi na moja.

Tuliporudi kutoka Kasai mwaka 1999, duka lilikuwa na jina la Mukalay, na hakuna aliyetaka kutusikiliza. Baba akarudia mbio zake na gato zake. Mbele ya duka lile alisimama, akainama, akafunga kamba za viatu polepole, akaenda zake bila kuingia. Vijana wakaanza kumfuata, mwishowe wakawa watu thelathini wanaoinama pamoja. Wapita njia walituuliza sababu, nasi tuliwaambia. Wateja wa Mukalay walipungua. Nilifurahi, na sioni haya kulisema mbele ya jeneza.

Mwaka 2006 Mukalay alitoka na gato nzima mikononi, akaomba mambo yaishe. Baba akamwambia, "Unirudishie mutoto. Gato, bakia nayo."

Mwaka 2009 daktari alimkuta na ugonjwa wa sukari. Gato aliziacha. Mbio aliendelea nazo, na pale mlangoni aliendelea kusimama, mpaka miguu ilipokataa. Alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe 18 Novemba 2011, saa nne asubuhi. Alikuwa ametuagiza, "Mukinipeleka, mupite kwa Mukalay."

Tutapita. Jeneza litasimama mbele ya mlango ule, na wakimbiaji wake watainama kufunga kamba. Msiharakishe. Gato ambayo Mukalay alituma jana hapa kilioni imerudishwa ilivyo.

Marehemu ameacha mjane, Mama Béatrice, watoto watatu na wajukuu sita. Ngalula alimtangulia. Ameacha pia Mukalay Donatien, ambaye yu hai. Yeye aliahidi kutuchungia. Sasa sisi tutamchunga.

Baba apumzike kwa amani. Amani hiyo ni yake peke yake.