Nisomewe Upya

Dada yetu tunayemsindikiza leo, aliyejulikana mahakamani hadi nyumbani kama Mama Soma Upya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kifungua mimba wa fundi seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, sekondari ya bweni, kisha sheria chuo kikuu, akahitimu mwaka 1981. Ubishi alizaliwa nao. Baba akishika fimbo, yeye alisimama mlangoni kuuliza kama mdogo wake ameshaambiwa kosa lake.

Aliajiriwa kuwa wakili wa serikali, akashughulikia rufaa hadi kustaafu mwaka 2017. Mwaka 1994 alipokea rufaa ya kijana aliyefungwa kwa kumpora fundi cherehani. Kesi ikiwa katikati, mwendesha mashtaka alibadilisha hati ya mashtaka, wizi ukawa unyang'anyi wa kutumia kisu, na hakuna aliyemsomea mshtakiwa hati mpya ili aijibu. Dada angeweza kuitetea hukumu ile. Badala yake alisimama akakiri kuwa haikuwa halali. Mahakama iliifuta na kuamuru kesi ianze upya, lakini shahidi pekee aliyemtambua mporaji alikuwa keshafariki, kijana akaachiwa. Yule fundi cherehani alimngoja Dada kwenye ngazi za mahakama, akamuuliza yuko upande wa nani. Siku hiyo Dada hakula. Tangu hapo kila mwendesha mashtaka mpya alisikia wimbo wake: ukibadilisha hati, soma upya. Jina likamganda.

Aliolewa mwaka 1985 na mwalimu wa hesabu. Shemeji alipenda kututania kwamba kwake hata chumvi ikizidi, mpishi husomewa mashtaka kwanza.

Mwaka jana aligundulika na uvimbe tumboni, tukaambiwa unatibika. Mwezi Mei mwaka huu ulienea hadi kwenye ini. Daktari alituambia koridoni, nasi tukakubaliana kumficha. Mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, akaingia na kumwambia kwamba anaendelea vizuri.

"Mdogo wangu, naona hati imebadilika," Dada alisema. "Nisomewe upya."

Akaambiwa yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba maji. "Haya. Sasa naweza kujibu."

Wiki zilizobaki aliagana na kila mmoja wetu. Alimwita hata yule fundi cherehani, mzee sasa, naye akaja. Waliongea wawili peke yao, na fundi akatoka akijifuta macho.

Alifariki tarehe 2 Julai 2024 asubuhi, mumewe akimshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake mmoja, aliyetaka kumficha. Dada, umeondoka ukijua, na umetuaga. Lala kwa amani.